Karatasi za Mkopo wa Nyumba na Mtandao Usiotabirika
Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Mikese, katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya jambo linalowasumbua wengi wetu, nalo ni karatasi za mkopo wa kujengea nyumba. Wazee walitwambia: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari limehamia katika mtandao, na mtandao huo kwetu huja na kuondoka kama mvua za vuli.

Mikese ipo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, na reli ilifika Morogoro tangu mwaka 1907. Hata hivyo, mtu akiiacha barabara na kushika njia ya milimani, simu yake huweza kunyamaza kabisa. Hapo ndipo mwanachama hupata hasara. Fomu hukatika katikati ya kutumwa. Namba ya uthibitisho hufika muda wake umekwisha. Naye hupanda bodaboda kurudi mjini kwa ajili ya karatasi moja tu. Akichoka, humkabidhi kijana wa steshenari hati yake na namba yake ya siri. Ndugu zangu, hiyo ndiyo hatari ninayotaka tuizibe leo, maana anayeshika hati yako na siri yako ameshika nyumba yako.

Kwanza, yafaa tuelewe kwamba kazi kubwa ya mkopo haimo katika mtandao, bali imo hapa kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yampa mwanakijiji haki ya kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Ombi lake hupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji, wala halihitaji mnara wa simu. Basi, asiye na hati na aanze huko, majirani wakiwa mashahidi wa mipaka yake. Jina katika hati na lilingane herufi kwa herufi na jina katika Kitambulisho cha Taifa, na tarakimu 20 za kitambulisho hicho ziandikwe bila kukosea. Tofauti ndogo ya jina yaweza kurudisha ombi zima, na kila kurudishwa ni safari nyingine.

Pili, ni suala la ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 pamoja na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, zakataza nyumba ya familia kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzi. Nasi Waluguru tuna jambo la ziada: kwa desturi, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mume aliyejenga katika shamba la ukoo wa mkewe, au mpwa aliyepewa kiwanja na mjomba, asidhani kwamba kuta alizosimamisha zampa uwezo wa kuiweka rehani ardhi iliyo chini yake. Wenye ukoo na waketi, wakubaliane, na makubaliano yaandikwe na kutiwa saini mbele ya mashahidi. Kikao hicho kikifanyika baada ya deni kushindikana, huwa si kikao tena, huwa ugomvi.

Tatu, tujifunze kwa ufuta. Mkulima anayeuza kwa stakabadhi ghalani, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2005, hatoki ghalani bila karatasi inayotaja uzito na daraja la mzigo wake. Vivyo hivyo, mwombaji wa mkopo asitoke dirishani bila karatasi inayoonyesha nyaraka alizotoa, tarehe, na jina la aliyezipokea. Stakabadhi za mauzo ya mazao na taarifa ya akiba azitunze pamoja, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha uwezo wake wa kulipa.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu huu kwa ofisi zetu. Kila ombi lijazwe kwanza kwa kalamu, likaguliwe na watu wawili, ndipo liingizwe katika kompyuta. Picha za nyaraka zihifadhiwe tayari, zitumwe pindi mtandao unapopatikana. Litumwalo liandikwe katika daftari pamoja na saa na namba ya kumbukumbu. Hati halisi ibaki kwa mwenyewe mpaka siku ya kutia saini, na namba ya siri asiulizwe mwanachama yeyote, hata na Katibu.

Masharti yasomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mwanachama na mwenzi wake: riba ni kiasi gani, marejesho ni lini, na mavuno yakikosekana itakuwaje. Mkulima hapati mshahara wa mwezi; basi aombe marejesho yafuate msimu wa mauzo, na aombe hivyo kabla ya kutia saini.

Tarehe 28 Aprili 2025, Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma. Tumeipokea kwa furaha. Lakini benki, hata iwe ya wanaushirika, huamua kwa karatasi iliyo mezani. Tukizitengeneza karatasi zetu hapa Mikese kwa uangalifu, kukatika kwa mtandao kutatuchelewesha siku moja au mbili, wala hakutatunyang'anya nyumba.