Maneno Yaliyoibwa

 Somo letu la leo latoka katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 23, mstari wa 30. Hapo Mungu anatangaza kuwa anapingana na manabii wanaochukua maneno kwa wenzao, kisha wanayatoa kana kwamba wao ndio waliotumwa nayo.

Mwizi wa kuku twamjua, kwa maana asubuhi banda ni tupu. Mwizi wa maneno ni vigumu kumtambua. Mwenye maneno bado anayo, wala hakuna kilichopungua nyumbani mwake. Siku hizi mtu aweza kunakili mahubiri mazima kwenye intaneti, akaondoa jina la mwandishi na kutia lake, kabla chai haijapoa.

Sisi tunaotayarisha mazungumzo haya yalitupata. Msikilizaji mmoja alituonyesha katika simu yake ujumbe uliokuwa na jina la mhubiri tusiyemjua. Ulikuwa wetu, neno kwa neno. Hata nyanya ya mmoja wetu alikuwamo, pamoja na ugonjwa wake wa miezi mingi na maombi yake ya mwisho. Sasa alikuwa nyanya ya mtu mwingine. Na chini ya ujumbe ule watu waliofiwa walikuwa wakimwomba mhubiri yule awaeleze jinsi alivyofarijiwa katika msiba ambao hakuupitia.

Wapendwa, hapo ndipo tulipoumia. Kuibiwa sifa ni jambo dogo. Lakini mwenye huzuni alikuwa akinyoosha mkono gizani, na aliyejibu hakuwa na taa.

Wengine watasema, “Neno ni la Mungu. Mbona mnadai jina?” Ni kweli, Neno ni lake. Lakini tazameni Biblia yenyewe. Kitabu cha Mithali twakiita cha Sulemani, lakini sura ya 30 imehifadhi jina la Aguri, na sura ya 31 jina la mfalme Lemueli. Sura ya 25 yataja hata watu wa Hezekia walioinakili. Paulo naye, aliposimama Athene katika Matendo 17, alitumia maneno ya washairi wa Wayunani, lakini aliwaambia wazi kwamba ni ya washairi wao. Kutumia neno la mwenzako si dhambi. Dhambi ni kuficha ulikolitoa, kwa maana hapo amri ya nane na ya tisa zimevunjwa pamoja.

Basi aliyeibiwa afanye nini? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yamlinda mwandishi, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka njia ya kudai kazi iliyoibwa iondolewe mtandaoni. Si dhambi kwa Mkristo kuitumia sheria. Lakini Bwana wetu, katika Mathayo 18, atuonyesha mlango wa kwanza: mwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu.

Tulifanya hivyo. Tulimwandikia bila kumtangaza kwa mtu yeyote. Hakujibu. Tukaandika tena, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Siku chache baadaye ujumbe ule uliondolewa. Radhi hakuomba. Twangali tunamwombea, na twakiri kwamba siku nyingine maombi hayo ni mazito kinywani. Kusamehe si kusema kwamba hakuna kilichoibwa. Ni kukataa kuishi tukimwinda.

Ewe uliyeibiwa, kumbuka Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo kwa kisu na kulitupa motoni. Yeremia hakukaa akilia juu ya majivu. Alimwita Baruku, wakaandika gombo jingine, na maneno mengi yakaongezwa. Aliyeiba ndoo ya maji hakuiba kisima.

Nawe mhubiri mwenzetu, unayetafuta ujumbe Jumamosi usiku huku umechoka, usione haya kusema, “Neno hili nimelisikia kwa fulani, likanigusa.” Washirika hawatakudharau. Njia ya mwongo ni fupi, na simu zimeifupisha zaidi. Heri dakika kumi za maneno uliyoyaishi kuliko saa nzima ya machozi ya mtu mwingine.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetupa ndimi na kalamu, utufanye waaminifu katika maneno. Waliotukosea uwarehemu, na mioyo yetu uiponye uchungu. Wenye huzuni leo uwapelekee mashahidi wa kweli. Twaomba kwa jina la Yesu. Amina.