Hatari ya Muhogo Uliotayarishwa kwa Haraka

Maandishi ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika mikutano ya vyama vya ushirika mambo yanayozungumzwa mara nyingi ni bei, mizani, magunia na usafiri. Ni nadra ajenda kuwa na neno juu ya ubongo wa mwanachama. Hata hivyo kipo chakula kinacholimwa na wanachama, kinachopimwa kwenye mizani ya chama na kutunzwa katika ghala la chama, ambacho kikitayarishwa vibaya huweza kuua watu kwa siku moja au kuwalemaza kwa maisha yao yote. Chakula hicho ni muhogo mchungu.

Yafaa isemwe tangu mwanzo kwamba muhogo si adui. Huvumilia ukame, huzaa katika udongo uliochoka, na hukaa ardhini mwaka hata miwili ukingoja kuhitajiwa. Wakulima wengi huchagua aina chungu kwa makusudi, kwa sababu nguruwe mwitu, nyani na wezi huiepuka. Kosa haliko katika mmea, wala haliko kwa mkulima aliyeupanda. Kosa huingia kati ya shamba na chungu, katika zile siku ambazo muhogo hutakiwa kungoja na watu hawawezi kungoja.

Sumu inavyofanya kazi

Ndani ya mzizi wa muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Karibu yake, lakini katika sehemu nyingine ya chembe zilizoujenga mzizi, mna kimeng'enya, yaani kitu kinachoweza kuivunja linamarini hiyo. Maadamu mzizi ni mzima, viwili hivyo havikutani. Mzizi ukikunwa, ukitwangwa au ukilainika majini, kuta zinazovitenga huvunjika, vikakutana, na hapo hutoka sayanaidi, ambayo ni sumu kali. Lakini sayanaidi ni nyepesi: huruka hewani kwa joto la kawaida la mchana, au huondoka pamoja na maji yanayomwagwa. Kwa hiyo kuloweka, kuvundika, kukuna, kutwanga na kuanika si desturi tu za kumpendeza mpishi. Ni njia za kuitoa sumu nje kabla chakula hakijafika mdomoni.

Kwa sababu hiyo hiyo moto peke yake hautoshi. Mzizi mchungu ukitiwa chunguni ukiwa mzima, joto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, linamarini ikabaki, nayo huvunjwa baadaye tumboni mwa mlaji. Jua peke yake pia halitoshi. Vipande vilivyoanikwa bila kulowekwa huweza kukauka kabla sumu haijapata nafasi ya kutoka yote. Makopa yaweza kuwa makavu, meupe na ya kupendeza macho, na bado yakawa na sumu.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba mwaka wa ukame muhogo huongeza linamarini. Hivyo njia iliyotosha mwaka wa mvua njema yaweza isitoshe mwaka wa njaa, ambao ndio mwaka watu wanautegemea muhogo kuliko wakati wowote.

Madhara mwilini

Mwili wa binadamu unayo njia ya kujikinga na sayanaidi kidogo, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa inayopatikana katika vyakula vya kujenga mwili: samaki, dagaa, nyama, mayai na maziwa, na kwa kiasi fulani nafaka na kunde. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa ana ngao. Anayekula ugali wa muhogo kwa mboga za majani tu, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, hana.

Madhara yenyewe ni ya namna mbili. Ya kwanza huonekana saa chache baada ya kula: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma na mwili kulegea. Wengi hupona, lakini baadhi hufa.

Ya pili ni ugonjwa uitwao konzo. Huwapata watu waliokula muhogo wenye sumu kwa majuma mengi huku wakikosa vyakula vya kujenga mwili. Huja kwa ghafula. Mtu hulala mzima, na asubuhi miguu yote miwili imekakamaa. Sumu imekwisha kuharibu chembe za fahamu ambazo ubongo huzitumia kuiamuru miguu. Mwenye nafuu hutembea kwa kuchechemea, mwingine hutembea kwa fimbo moja au mbili, na aliyezidiwa hutambaa. Baadhi hupata shida ya kusema na ya macho. Ugonjwa hauendelei kuongezeka, lakini pia hauponi, kwa kuwa dawa ya kurudisha chembe zilizokufa haipo. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Ubongo huumia hata kwa njia isiyoonekana miguuni. Uchunguzi uliofanywa katika eneo la Kahemba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba watoto wa nyumba zenye konzo, hata wale ambao miguu yao ilikuwa mizima, walikuwa nyuma katika majaribio ya akili kuliko watoto wa kijiji kisicho na ugonjwa huo. Tena, mwili unapoishughulikia sayanaidi hutokea kitu kinachozuia matumizi ya madini joto. Mahali penye upungufu wa madini hayo hali hiyo huzidisha rovu, na upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito hudumaza ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo sababu chumvi yenye madini joto ni ya lazima katika kila nyumba inayoishi kwa muhogo.

Yaliyokwisha kutokea

Konzo si jambo la kubuni. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake kutoka Kwango, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Kongo ya Wabelgiji. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu 1,102 walipatikana na ugonjwa huo katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Nchini Tanzania ulitokea mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukatokea tena katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa mkoa wa Mtwara, mwaka 1988. Desturi ya huko ilikuwa kutengeneza makopa kwa kuyaanika siku nyingi. Mwaka huo chakula kilipungua na watu hawakuweza kungoja. Wakatumia njia ya mkato iliyoitwa chinyanya: muhogo mbichi hutwangwa, huanikwa kwa saa chache, hutwangwa tena na kuanikwa tena, na kwa siku moja au mbili unga huwa tayari. Ulikuwa mweupe kama unga wowote. Waliokula wakapatwa na kizunguzungu na kutapika. Akina mama wale hawakuwa wajinga wala wavivu, na njia ya zamani waliijua vizuri. Kilichowakosesha ni njaa iliyokuwa mlangoni na watoto waliokuwa wakilia.

Mfano wa pili unagusa biashara. Mwezi wa Septemba mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese, Uganda, watu 98 walidhurika na wawili wakafa baada ya kula ugali wa muhogo. Baadhi yao walikuwa wametoka kwenye mazishi. Unga uliochunguzwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sayanaidi katika kila kilo, ilhali kiwango cha juu kinachokubaliwa na mashirika ya FAO na WHO ni miligramu 10. Unga huo ulifuatiliwa hadi kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Mpishi wa nyumbani akikosea, huumia nyumba moja. Ghala likikosea, huumia wilaya.

Wajibu wa chama

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la jikoni na kuwa la ushirika. Chama kinaponunua makopa kwa uzito, ukavu na weupe peke yake, hakimtofautishi aliyeloweka siku nne na aliyeanika siku mbili. Wote hupata bei ile ile, na yule wa haraka hufika kwanza kwenye mizani. Kwa maneno mengine, bei ya chama humfundisha mkulima kwamba siku za kuloweka ni hasara. Kamati ikitaka kuondoa hatari hii, ianze na bei yake yenyewe.

Yapo mambo matano yanayoweza kufanywa na kila chama.

Kwanza, chama kitangaze kabla ya msimu kwamba muhogo mchungu utapokelewa tu ikiwa umemenywa, umelowekwa siku tatu hadi nne mpaka ukalainika, umekamuliwa na kukaushwa vizuri. Aliyefanya hivyo alipwe zaidi.

Pili, katibu aandike kwenye daftari la mapokezi jina la mkulima, aina ya muhogo, siku za kuloweka na tarehe ya kupokea. Muhogo wa mkulima mmoja usichanganywe na wa mwingine kabla haujakaguliwa. Maandishi hayo yatamwezesha katibu kujua gunia lilikotoka ikiwa mlaji atadhurika.

Tatu, sampuli zipimwe. Vipo vipimo vya karatasi ya manjano ambayo hugeuka rangi ya kahawia sayanaidi inapokuwa nyingi. Afisa wa kilimo au wa afya aombwe msaada. Macho hayawezi kuiona sumu hii katika unga.

Nne, chama kisaidie vifaa. Kuloweka kunahitaji maji na vyombo, na mwaka wa ukame maji ndiyo yanayokosekana. Mapipa, visima vidogo na mashine ya kukunia muhogo ni mali inayofaa kununuliwa kwa pamoja, kwa kuwa ni wachache wanaoweza kuinunua peke yao.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, chama kiweke akiba ya chakula. Magunia machache ya mahindi au mtama yaliyotunzwa kwa ajili ya miezi ya upungufu humpa mama siku nne za kungoja muhogo ulainike. Mwaka 1988 siku hizo nne ndizo zilizokosekana.

Njia ya kulowanisha unga

Kwa familia ambayo tayari ina unga unaotiliwa shaka, ipo njia rahisi iliyobuniwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Unga hutiwa katika chombo na kimo chake hutiwa alama ndani. Maji huongezwa kidogo kidogo huku unga ukikorogwa. Kwanza unga hushuka, kisha hupanda, na ukifikia alama ile maji yametosha. Unga huo mbichi hutandazwa juu ya jamvi kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu nyingi huruka hewani, na unga hupikwa siku hiyo hiyo. Wanawake wa kijiji cha Kay Kay, nchini Kongo, walifundishwa njia hii mwaka 2010, na katika muda wa kufuatiliwa hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo kijijini hapo. Njia hii husaidia kuondoa sumu iliyobaki. Isitumiwe kama ruhusa ya kuacha kuloweka.

Majani nayo yasisahauliwe. Kisamvu kina sumu ile ile, nacho hutakiwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi.

Ndugu makatibu, mkulima aliyelemaa hawezi tena kushika jembe, na mtoto wake humwongoza njiani badala ya kwenda shule. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za mwisho wa mwaka, ingawa ni ya chama kizima. Wahenga walisema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwa konzo tiba hakuna kabisa, ipo kinga tu. Kila katibu arudipo chamani na aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano unaofuata, kabla ya mvua kukatika na kabla ya makopa ya kwanza kufika kwenye mizani.