Hotuba juu ya Nafasi ya Kupanda Mahindi

(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya jambo lililoleta maneno katika nyumba nyingi za wanachama, yaani nafasi ya kupanda mahindi. Sisi tulio kazini Nairobi hupeleka fedha za mbegu na mbolea. Wazee na mama zetu ndio wapandao. Mavuno yakiwa haba, kila upande humlaumu mwenzake, na mwaka ufuatao fedha hupelekwa kwa moyo mzito. Twaona heri tulitazame shamba lenyewe.

Eka moja ni futi za mraba 43,560. Tukipanda kwa mistari iliyoachana futi tatu, na mche mmoja kila futi moja katika mstari, tutapata miche 14,520. Mistari ikiachana futi mbili na nusu, itakuwa miche 17,424. Lakini tukitia mbegu tatu katika kila shimo la ile hesabu ya kwanza, zote zikaota na tusing'oe hata mche mmoja, eka ile ile itabeba miche 43,560. Kila mche una futi moja ya mraba tu ya kutafutia maji na chakula.

Ni kweli kwamba kupanda mbali mno nako kuna hasara. Mmea wa mahindi hauchipui sana shinani kama mtama au mpunga upatapo nafasi. Huwa na bua moja, nao huzaa hindi moja, pengine mawili. Palipo na mwanya patabaki mwanya, na jua litawafaa magugu.

Hasara ya kusongana ndiyo ijifichayo. Mimea hutiliana kivuli, hurefuka kwa kushindania jua, mabua huwa membamba na upepo huyalaza. Kisha huja wakati wa maua. Mbelewele hutokea kileleni kwa wakati wake, lakini zile nywele za hindi huchelewa iwapo mmea una njaa au kiu. Zitokeapo, vumbi la mbelewele limekwisha kupeperuka, nazo hazipati cha kuzitunga punje. Hapo huvunwa magunzi yenye punje chache, au mabua matupu. Na shamba la namna hiyo lilikuwa la kijani kibichi tangu mwanzo, hata wapita njia wakalisifu!

Basi nafasi iliyo sawa ni ipi? Kule Kitale, ambako mbegu ya H611 ilitolewa mwaka 1964, mvua hudumu miezi mingi. Penye mvua ya namna hiyo na mbolea ya kutosha, mkulima huambiwa aweke sentimita 75 kati ya mistari na 25 au 30 kati ya miche. Kwetu Machakos hatuna shauri moja. Mwenye shamba vilimani Kangundo aweza kukaribia kipimo hicho. Ndugu yake aliyehamia Yatta hawezi. Yeye na ashike sentimita 90 kwa 30, ambazo ni karibu zile futi tatu kwa moja. Mbegu ya Katumani ni fupi, hukomaa upesi, na mtu aweza kudhani kwamba kwa ufupi wake itavumilia msongamano. Kwa habari ya kivuli, ndivyo. Kwa habari ya maji, sivyo. Na Yatta ni maji yakosekanayo, si jua.

Wazee wetu walitia mbegu tatu au nne shimoni, nao walikuwa na sababu. Mbegu ilitoka ghalani mwao, nyingine zimetobolewa na wadudu, na hapakuwa na hakika ya kuota. Hatuwaombi waache kutia mbegu mbili. Twaomba kung'oa. Twajua ni uchungu kwa mama kuung'oa mche mzima alioupanda kwa mkono wake, hasa mwaka wa njaa. Lakini mche wa ziada ukiachwa hata ufike magotini umekwisha kula mbolea iliyonunuliwa. Na ung'olewe ukiwa na urefu wa shubiri moja, siku ya pili baada ya mvua, udongo ungali laini, asibakie ila ule wenye nguvu. Ile iliyong'olewa apewe ng'ombe au mbuzi.

Kwa wale wasiosadiki, nasi hatuwalaumu, Kamati yashauri wapime wenyewe mvua za Oktoba zijapo. Wachague mistari kumi iliyo sawa: mitano wang'oe, mitano waache ilivyo. Siku ya kuvuna, kila upande upukuchuliwe mbali na upimwe kwa debe moja.

Kamba zenye mafundo ya futi moja moja ziko kwa Katibu. Mwanachama aweza kuazima kwa siku mbili, kisha airudishe ili mwenzake naye apande kabla mvua hazijampita.