Wakati wenye seva wanapofunga mlango

Wandugu vijana wa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, na ninyi mliotoka Kiliba na Makobola, karibuni. Tunajua wengine mlifikiri leo tutazungumza barabara au maji ya robine. Tutayafikia. Lakini kuna jambo lingine ambalo linatugusa na hatulioni, juu halina vumbi wala matope.

Hapa ndani wengi tunafungua Firefox, tunaangalia filamu kwa VLC, na wale wa uchunguzi wa mitaani wanatumia KoboToolbox. Hakuna aliyelipa hata franga moja. Hizo ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kusoma namna zilivyoandikwa na kuzirekebisha. Ni kama salongo. Mtaa mzima unatoka kuzibua mtaro, hakuna anayeandikiwa mshahara.

Sasa, salongo nayo inahitaji sepeo na toroli. Programu huria inahitaji seva, umeme, intaneti, na mtu wa kuamka usiku wakati kitu kimekufa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vifaa hivyo imetolewa na makampuni. Na makampuni yanaondoka.

Januari 2025, watu wa Alpine Linux na wa freedesktop.org walitangaza kwamba kampuni ya Equinix, iliyokuwa inawapa seva bure, inafunga huduma hiyo. Freedesktop walipewa mpaka mwisho wa Aprili kuhama. Miezi mitatu tu! Aprili hiyohiyo, maabara ya programu huria ya Chuo Kikuu cha jimbo la Oregon, Marekani, inayohifadhi miradi tangu 2003, ilisema michango ya makampuni imeshuka mwaka hata mwaka, na bila dola 250 000 itafunga. Kelele zilipigwa, wachangiaji wakajitokeza. Mwaka huo ilipona.

Mtatuuliza: Oregon na Mulongwe, wapi na wapi?

Sikieni. Kipindupindu kikiamka hapa kwetu, na ninyi mnajua hakilali muda mrefu, hesabu ya wagonjwa inapanda kutoka kituo cha afya kwenda ofisi ya zone de santé, na inaingizwa ndani ya DHIS2. Hiyo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na wizara yetu ya afya inaitumia nchi nzima. DHIS2 yenyewe inaweka hesabu zake ndani ya PostgreSQL, ambayo pia ni huria, na seva za namna hiyo kwa kawaida zinatumia Linux, huria tena. Ni matofali juu ya matofali. Lile la chini kabisa likiachwa bila mtu wa kulitunza, mama wa Kasenga anayengoja dawa hatajua jina lake, lakini ataona tu kwamba dawa imechelewa.

Tusifikiri ni hofu ya bure. Mwaka 2014 OpenSSL, kufuli linalolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, lilikutwa na tundu lililoitwa Heartbleed. Dunia ikashtuka kusikia kwamba kazi hiyo ilikuwa inapata michango ya kama dola 2 000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu aliyeifanya kama kazi yake ya kila siku. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yanaitumia bila kuuliza anakula nini. Baada ya aibu ndipo yakafungua mifuko.

Sisi wana wa Kivu hiyo hadithi si ngeni. Tunajua kuchimba bila kuulizwa tunakula nini.

Hata hivyo hatutawatukana walioondoka. Aliyekupa bure hajakosa akisema nimechoka. Tunachokataa ni kukaa tukimngoja mfadhili mwingine kama tunavyongoja boti wakati ziwa limechafuka. Leta nayo ijue: ikiwa inajenga takwimu za nchi juu ya programu za bure, iweke katika bajeti pesa ya seva na mishahara ya vijana wa hapa wanaoweza kuzitunza. Tutaandika barua kwa jimbo, na tutaipeleka kwa miguu.

Na sisi? Pesa hatuna, ndiyo. Lakini Mulongwe ilipofurika Aprili 2020 na kubeba nyumba na watu, nani alijua avenue zote zilizoliwa? Ni wakaaji. OpenStreetMap ni ramani ya wote, inaandikwa na anayejua njia. Anayejua Kiswahili chetu anaweza kutafsiri. Anayejua kuandika programu anaweza kuripoti kosa vizuri, na hilo peke yake ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza na avenue za Kavimvira, zile zilizo karibu na maji. Njoo na simu yenye chaji. Mega tutachangiana, asiye na simu atatembea na mwenye nayo, juu yeye ndiye pengine anajua majina ya zamani.