Mvulana Mdogo na Darasa Lake: Kadhia Isiyopewa Haki



Kwa muda mrefu sasa, katika vikao vya walimu na katika mabaraza ya wazazi, nimekuwa nikiisikia rai moja ikisemwa kwa utulivu wa watu wanaodhani kuwa kesi imekwisha kukatwa, nayo ni kwamba shule ya jinsia moja humfaa msichana na humdhuru mvulana. Kwamba binti akitengwa na makelele ya wavulana hupata nafasi ya kuinua mkono na kusema, ilhali mvulana akitengwa na wasichana hukosa kile kimlainishacho, akakua bila murua miongoni mwa wenzake wasio na murua. Rai hiyo ina shekhe wake, R. R. Dale wa Swansea, ambaye baina ya mwaka 1969 na 1974 alitoa vitabu vitatu vya kuilinganisha shule ya mchanganyiko na ile ya jinsia moja huko Uingereza, akaipa ushindi ile ya kwanza. Historia ya shule zetu wenyewe za wavulana huku Kenya, tangu Maseno ya mwaka 1906 hadi Alliance ya mwaka 1926, na Tabora kwa upande wa pili wa mpaka, naipita bila kutua, kwa kuwa hamna ukumbini humu asiyeijua, na baadhi yenu mmelala katika mabweni yake.

Yanipasa kwanza niwaage marafiki ambao msaada wao siuhitaji. Wako waiteteao shule ya wavulana kwa kusema kuwa ubongo wa mvulana umeumbwa mbali na wa msichana, na kwamba kwa hiyo yataka afundishwe kwa mwangaza mwingine na sauti nyingine. Mwaka 2011 wataalamu wanane, Diane Halpern akiwa wa mwanzo wao, waliandika katika jarida la Science makala iliyoyafagia madai hayo, na katika taka zile sikuona kitu cha kuokota. Wako pia wasemao kuwa kutenganisha watoto ndiyo desturi yetu watu wa pwani. Mimi nilisoma chuo cha Kurani juu ya mkeka mmoja na dada zangu na binti za jirani, tuna mwalimu mmoja na bakora moja, nasi sote tukipaza sauti kwa pamoja hata wapitao njia wakaacha mazungumzo yao. Basi atakaye kusimama juu ya desturi, na aitazame kwanza desturi yenyewe.

Hoja istahiliyo kujibiwa ni ile isemayo kwamba shule za jinsia moja husifiwa kwa kazi isiyokuwa yao: huwachagua watoto waliokwisha kuiva majumbani, hupewa walimu walio bora, aghalabu huwa na jina kubwa na ada kubwa, kisha matokeo yakitangazwa hujitokeza kifua mbele kana kwamba ukuta uliowatenga watoto ndio uliowafundisha. Mwaka 2014 Erin Pahlke, Janet Hyde na Carlie Allison walikusanya tafiti 184, zenye wanafunzi wapatao milioni 1.6 wa nchi 21, na walipoziangalia zile tu zilizojitahidi kuondoa tofauti za asili baina ya wanafunzi, faida ya kutenganisha ilinywea hata ikakaribia kutoonekana. Wenzangu wakifika hapo huvunja baraza wakaenda zao.

Naisema kwa insafu kuwa hesabu ile ni ya watu makini. Walakini hesabu huweza kusahihisha kilichoandikwa daftarini tu, yaani kipato cha baba, elimu ya mama, alama za mtihani uliopita; haiwezi kuusahihisha moyo wa mzazi. Na moyo huo huvuta pande zote mbili: yuko mzazi ampelekaye mwanawe shule ya wavulana kwa kuwa ni hodari, na yuko, wala si mmoja, ampelekaye kwa kuwa amemshinda, akitaraji walimu wa kule watamnyosha. Ukiwachanganya hawa na wale, kisha ukazichanganya nchi 21 zenye mila na mitihani mbalimbali, wastani utakaoupata utakaribia sufuri hata kama kila mahali pana jambo kubwa linalotendeka. Kwa shaka ya namna hii dawa ni kuinyang'anya nyumba ikhtiari, watoto wagawiwe kwa kura.

Seoul walifanya hivyo. Tangu mwaka 1974 hadi 2009 vijana wa mji ule waligawiwa shule za sekondari ya juu kwa bahati nasibu ndani ya wilaya zao, mwingine akaangukia shule ya wavulana, mwingine ya mchanganyiko, bila ya mzazi kuulizwa. Hyunjoon Park na wenzake wawili walipochungua matokeo hayo, wakayachapisha mwaka 2013, waliona kuwa waliosoma katika shule za jinsia moja, wavulana kwa wasichana, walipata alama za juu zaidi katika Kikorea na Kiingereza, na kwamba shule hizo zilipeleka sehemu kubwa zaidi ya wahitimu wake katika vyuo vya miaka minne, hata baada ya kutiwa katika mizani ubora wa walimu na wingi wa wanafunzi kwa kila mwalimu. Yashikeni masomo hayo mawili, ni ya lugha, nitayarudia.

Wasemao kuwa Korea ni mbali na sisi nawapeleka Trinidad na Tobago. Mwaka 2010 serikali ya kule ilizitwaa shule 20 za sekondari, shule dhaifu zisizotamaniwa na mtu, ikazigeuza kutoka mchanganyiko kuwa za jinsia moja. Hapakujengwa shule mpya za fahari wala hapakuletwa walimu wateule. Shule ni zilezile, na kilichobadilika ni nani aketiye ubavuni mwa nani. Mchumi C. Kirabo Jackson aliwafuatia watoto hao. Huyu si mtu wa kushabikia, kwa maana mwaka 2012 alikuwa amekwisha kutoa utafiti juu ya shule za visiwa hivyohivyo akaona kuwa wanafunzi walio wengi hawapati faida ya kutajwa kwa kutengwa. Safari hii aliona jingine: baada ya miaka mitatu wavulana na wasichana wote walikuwa na alama bora zaidi, baadaye wakafaulu zaidi masomo ya juu, na wavulana, nao ndio haja yetu jioni hii, walipungua miongoni mwa waliokamatwa na polisi. Nawauliza wafuasi wa Dale: hapa uteule uko wapi? Hizi si shule za watoto wa mabwana. Na kama mvulana hulainishwa na kuwako kwa wasichana, mbona hawa walipoondolewa wasichana ndipo polisi walipowapumzisha?

Sasa niseme ninaloliamini mimi, ambalo takwimu hunisaidia nusu ya njia tu. Mvulana mdogo ana soni. Watu humdhania kuwa hana, kwa kuwa apiga kelele, na kelele zenyewe ni pazia alilojifunika. Atakapotakiwa kusoma kwa sauti, kuimba, kughani shairi au kukiri kuwa hakufahamu, naye atazamwa na wasichana ambao kwa umri ule humpita kwa kimo na kwa ufasaha, atachagua kuwa mtundu kuliko kuwa mjinga. Katika upimaji wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, wasichana wa miaka 15 waliwapita wavulana katika kusoma katika kila nchi iliyoshiriki, kwa wastani wa pointi 30 hivi katika nchi za OECD. Kwa mvulana kusoma huonekana mapema kuwa mali ya watu wengine. Alice Sullivan na wenzake, waliowafuatia Waingereza waliozaliwa mwaka 1958, waliona kuwa waliosoma shule za wavulana walielekea zaidi kupata vyeti vya Kiingereza na lugha za kigeni kuliko wale wa mchanganyiko. Ni lugha tena, kama Seoul.

Mimi nilipohamishiwa shule ya wavulana nikiwa mtoto, mwalimu wetu wa lugha alitutungia mchezo wa harusi, na kwa kuwa msichana hapakuwapo ilibidi mmoja wetu awe somo, mwingine mama mzaa bibi arusi, na bibi arusi mwenyewe nikawa mimi, nimejifunga leso mbili za mama nilizoziomba kwa kisingizio cha kufunikia vitabu. Nililia kilio cha bibi arusi hata akina baba waliokuja kutazama wakafuta macho. Katika darasa nililotoka, siku niliyosoma shairi mbele ya binti za watu, sauti yangu iliishia ubeti wa pili.

Mniwie radhi nikae kidogo na kitabu nikipendacho kuliko vyote katika kadhia hii. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dokta Steere, wamisionari wa Kiingereza, walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na kutokana na hao ikaota shule ya wavulana ya Kiungani, wasichana wakiwa na yao Mbweni. Mwaka 1887 A. C. Madan, yuleyule wa kamusi, alitoa London kitabu kiitwacho kwa jina la shule ile, nacho ni habari walizoziandika wavulana wenyewe, yeye akiwa mfasiri: nchi walizozaliwa, kutekwa, kuuzwa mkono kwa mkono, mwendo wa kuja pwani, bahari na kukombolewa. Nimefunza kwa kitabu hiki kila mwaka niliofundisha. Hawa ni watoto waliokuwa na kila sababu ya kunyamaza au kujifanya majabari, nao waliketi na wenzao waliopitia yaleyale, wakaandika hofu yao kama ilivyokuwa. Najua kuwa kitabu kimoja si ithibati, tena kwamba Kiungani ilikuwa nyumba ya watoto wasiokuwa na pengine pa kwenda, na Madan alichagua alichokichapisha. Nayajua yote hayo, na bado siamini kuwa kurasa zile zingeandikwa vile katika darasa la mchanganyiko.

Jambo moja la wapinzani nalipokea bila ya kulipunguza. Katika wale Waingereza wa mwaka 1958, wanaume waliotoka shule za wavulana, walipofika miaka 42, walikuwa wamepeana talaka au kutengana na wake zao kwa kiasi kilichozidi kidogo. Nalisadiki, maana mtu aliyewaona wanawake kwa mbali tangu utotoni hadi ujanani hukutana nao kama msafiri ashukaye bandari ya ugenini. Kwa hiyo silitetei bweni, wala siutetei utengano wa miaka yote. Ninalolitetea ni darasa la mchana, la mvulana baina ya miaka kumi na kumi na minne, arudiye jioni kwa dada zake na binamu zake, kisha apitapo umri huo akae na wasichana akiwa amekwisha kujua kusoma kwa sauti bila kutetemeka. Shule yenye mikondo miwili ya darasa moja haihitaji hata tofali moja kulijaribu jambo hili. Yahitaji mkuu wa shule, wazazi waliokubali, na kura ipigwe hadharani ya nani aingie mkondo uliotengwa na nani abaki katika wa mchanganyiko, na walimu walewale wafundishe pande zote. Ombi langu kwa Kitivo cha Elimu cha chuo kikuu chetu ni kwamba jaribio hilo lianze katika shule ambazo wanafunzi wetu huzifanyia mazoezi ya kufundisha, na kwamba miongoni mwa vitakavyopimwa, pamoja na hesabu na sayansi, kuwemo kughani.