Moto Ikigonga, Tutafute Mbele ya Kununua

(Maneno yaliyosemwa kwa mkutano wa mwezi wa mutualite yetu, Kindu)



Mumetuomba sisi tunaochunga moto ya mutualite tueleze feza ya kesi ilienda wapi. Tutasema yote, na kosa letu ndani.

Moto yetu munaijua. Ni ya zamani, iko na furshe mbele na amortisere mbili nyuma. Wenzetu waliorudi toka Kigoma wanasema shokapu. Ni kitu kimoja. Njo inabeba wagonjwa wetu, njo inaleta mihogo toka njia ya Kalima. Kisha mvua kubwa ikaanza kugonga: ko, ko, ko, kila shimo. Fundi mmoja akasikiliza, akasema, "Amortisere zimekufa." Tukatoa michango ya miezi 2, tukanunua mbili mpya. Siku ile ile moto ikagonga vilevile.

Hapo maneno yakaanza. Wengine wakasema dereva anapakia mizigo kupita kipimo, alipe yeye. Kijana hakujibu. Akaweka ufunguo juu ya meza, akaenda kwao. Karibu tumpoteze juu ya kelele ambayo hakuna mtu aliyeitafuta.

Kisha mzee mmoja fundi akavuka mto toka Alunguli na kle zake ndani ya mfuko. Akatuuliza, "Inagonga wakati gani?" Hakuna aliyejua. Basi akatufundisha, na sisi tunawapa ninyi vile alivyotupa.

Kwanza, zima moteri, sukuma moto kwa mikono juu ya ubao. Kelele ikibaki, haitoki kwa moteri. Ikigonga zaidi ukivuta freni ya mbele, anzia mbele. Lakini musiamini sikio peke: kadre ni chuma, inatembeza sauti. Kelele ya mbele unaweza kuisikia chini ya kiti. Mkono njo unajua.

Pili, maliza vitu vya bure. Kaza buloni za portebagaje na za gardebu. Angalia sheni, ikilegea sana inapiga chuma. Gusa freni polepole wakati moto inagonga. Kelele ikikatika, iko kwa freni.

Tatu, mbele. Simamisha moto kwa bekiye ya katikati, mtu akandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke. Shika furshe chini, vuta na sukuma. Mwenzako aweke kidole pale shingo ya gidoni inaingia ndani ya kadre. Akisikia inacheza, rulema za shingo zimelegea ao zimekwisha. Hiyo si ya kungojea, inaweza kukuangusha. Kisha shusha gurudumu, panguza chuma za furshe, shika freni na ubonyeze mara 5. Alama ya mafuta ikionekana, kampira ka kuzuia mafuta kamekwisha. Mafuta ikipunguka ndani, furshe nayo inagonga.

Nne, nyuma. Moto ikiwa juu ya bekiye, shika ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu, sukuma kushoto na kuume. Ukicheza, angalia buloni yake kubwa na bushi zake. Mkono ukitulia lakini gurudumu likicheza, ni rulema za gurudumu. Kisha nyanyua kidogo juu na chini: kukiwa nafasi mbele ya amortisere kuanza kufanya kazi, kampira ka kwenye tundu yake kamekulika. Mwisho kabisa, toa amortisere, ubonyeze. Nzima inarudi polepole. Iliyokufa inaruka tu kama resori.

Na moto isipogonga ila inalia kwi-kwi, mwaga maji kidogo kwa kampira kamoja kamoja. Pale sauti inanyamaza, umepata. Musitie mafuta ya moteri kwa kampira; inakaharibu.

Sasa yetu ilikuwa nini? Nati ya buloni kubwa ya mkono wa nyuma ilikuwa imelegea, na bushi moja imekulika. Matope iliingia, na grese hapakuwa. Bushi ile ilituomba feza kidogo sana. Amortisere za zamani tulikuwa tumezitupa kwa kona, mzee akazibonyeza, akacheka: "Hizi ziko hai."

Na grese, nani alipaswa kuitia? Si dereva. Kwa karatasi yetu imeandikwa: wachungaji wa moto. Ni sisi. Tulienda kwao kijana, tukamwomba musamaha mbele ya mama yake, tukamrudishia ufunguo. Leo tunarudia mbele yenu, juu maneno ya kumshitaki yalisemwa hapa hapa.

Tunaomba mukubali mambo mawili. Grese itiwe kila mwisho wa mwezi, na mwanamemba mmoja ashuhudie. Na kipande chochote kisinunuliwe mbele ya fundi kutuonyesha, kwa mkono wetu wenyewe, mahali panapocheza. Amortisere za zamani ziko ndani ya depo, zimefungwa vizuri. Ni za mutualite.

Feza iliyopotea tumeigawanya kati yetu wachungaji, tutairudisha polepole. Mwenye swali asimame.