Unataka Kusomea Filamu? Anza na Mwongozo

Msikilizaji, wewe uliye kidato cha sita na unatamani kutengeneza filamu, nisikilize. Fani hii inasomwa hapa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaifundisha.

Kabla ya kuomba nafasi, soma mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Upo kwenye tovuti yao. Humo utaona vyuo vilivyoidhinishwa na ufaulu unaotakiwa. Kisha peleka maombi chuoni wewe mwenyewe. Usimlipe mtu anayekuahidi nafasi. Narudia: mwongozo kwanza, maombi baadaye.

Na usikae bure ukisubiri matokeo. Chukua simu, mrekodi bibi akikanda unga wa chapati. Anza na mikono, kisha uso, kisha moto unavyoshika. Sikiliza sauti. Upepo ukimeza maneno yake, rudia.

Nawe mzazi, usimkatishe tamaa. Filamu inahitaji mpiga picha, fundi sauti, mhariri, mwandishi. Hizo zote ni kazi. Leo jioni keti na mwanao, mfungue mwongozo huo pamoja.